Mzazi akipigwa na chikungunya na watoto bado wadogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, haimpi mtu nafasi ya kujipanga. Mzazi analala mzima, asubuhi anaamka na homa, hawezi kukunja ngumi wala kukanyaga chini, na pembeni yake yupo mtoto anayetaka kunyonya, kuogeshwa na kubebwa. Majibu haya yanahusu siku hizo za mwanzo ndani ya nyumba, kisha wiki zinazofuata. Mengi yameelekezwa kwa mama, lakini baba, bibi au dada anayelea atayatumia vilevile.

Jana nilikuwa mzima, leo siwezi hata kushika kikombe. Hii ndiyo chikungunya?

Inawezekana, na kwa huku kusini si jambo geni. Mlipuko uliowafanya wataalamu wauandike ugonjwa huu kwa mara ya kwanza ulitokea 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Dalili huanza siku 3 hadi 7 baada ya kuumwa na mbu mwenye virusi, ingawa zinaweza kuwahi siku ya kwanza au kuchelewa hadi siku ya 12. Homa hupanda ghafla, mara nyingi kupita nyuzi 39. Maumivu hushika pande zote mbili za mwili: vidole, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu, magoti. Kichwa kinauma, misuli inauma, na wengine hutoka upele baada ya siku chache.

Malaria nayo huumiza mwili, lakini mara chache humfanya mtu ashindwe kufunga kifungo cha shati la mtoto. Tofauti hiyo inasaidia kukisia tu. Haitoshi kuamua dawa.

Angalia pia jambo hili: kama kiungo kimoja tu ndicho kimevimba, kimekuwa cha moto na hakiguswi, usiite chikungunya. Huenda kuna usaha ndani ya kiungo, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye selimundu naye asisubiri nyumbani, kwani homa peke yake inaweza kumwamshia maumivu makali ya ugonjwa wake.

Zahanati yetu haina kipimo cha chikungunya. Kuna haja ya kwenda?

Ipo. Unakwenda kupima malaria, kwa kipimo cha haraka (MRDT) au kwa darubini, kwa sababu malaria ina dawa yake na ikicheleweshwa inaua. Kipimo kikisoma malaria, meza dozi yote ya dawa mseto hata kama viungo vinakufanya udhani ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kisiposoma malaria, usinunue dawa mseto dukani "kwa tahadhari". Haitagusa virusi, na itakusahaulisha kuuliza kwa nini homa haishuki.

Vipimo vya chikungunya vyenyewe hufanyika kwenye maabara kubwa: kile cha kutafuta virusi hufaa wiki ya kwanza, na kile cha kinga ya mwili hufaa kuanzia mwishoni mwa wiki hiyo. Hakuna dawa inayoua virusi hivi, kwa hiyo majibu hayabadilishi sana matibabu ya siku za mwanzo. Kupumzika, maji na kushusha homa ndiyo matibabu yenyewe.

Ninywe dawa gani, na ipi niiache?

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo soma polepole.

Dawa ya kuanzia ni parasetamoli. Mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ratiba rahisi ya kukumbuka ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Mwenye kilo chini ya 50, na baadhi ya akina mama wanaonyonyesha wako hapo, ameze kidonge 1 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 6 kwa siku. Usisubiri maumivu yafike kileleni ndipo umeze. Kwa siku 3 za mwanzo fuata saa. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Na anayekunywa uraka au gongo ajue kwamba pombe na parasetamoli vikikutana kwenye ini, ini ndilo linaloumia, maumivu ya viungo yanabaki palepale.

Dawa ya kuiacha kwa sasa ni jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Sababu ni dengi. Huenezwa na mbu yule yule, huanza kwa homa na maumivu yanayofanana, lakini dengi inaweza kumfanya mtu avuje damu, na dawa hizi huongeza hatari hiyo. Mpaka mhudumu aseme dengi haipo, kaa nazo mbali. Ugumu ni kwamba zinaingia kwa mlango wa nyuma. Vidonge ambavyo watu huviita diklopa vina diklofenaki na parasetamoli pamoja: ukiviongeza juu ya parasetamoli yako umevuka kiwango, na diklofenaki umemeza bila kutaka. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Pindua pakiti, soma maandishi madogo, au mwambie muuzaji akusomee. Na ile "sindano ya maumivu" ya dukani, uliza jina lake kabla hujageuza bega. Mara nyingi ni diklofenaki.

Tramado inahitaji neno lake. Inatuliza, ndiyo, lakini anayenyonyesha asiitumie: hupita kwenye maziwa na inaweza kumlewesha mtoto hadi kupumua kukawa kwa shida. Hata asiyenyonyesha, kama ndiye mtu mzima pekee ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa, dawa ya kumlaza fofofo si rafiki.

Kuna pia vidonge vidogo vya steroidi vinavyouzwa kama "dawa ya viungo", na vinaonekana kufanya miujiza siku mbili. Visimezwe wiki za mwanzo bila daktari.

Dalili zipi zinasema niache kusubiri nyumbani?

Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi, puani au kwenye choo, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, kukojoa mara chache sana. Jihadhari hasa kati ya siku ya 3 na ya 7. Homa ikishuka na mtu akawa na nafuu, vema. Homa ikishuka huku mtu anazidi kulegea na mikono inakuwa ya baridi, hiyo inafanana na dengi kali; tafuta usafiri saa hiyo. Kwa ushauri wa simu, namba 199 ya Wizara ya Afya haitozwi.

Nanyonyesha. Niendelee?

Endelea. Chikungunya haijaonekana kuambukiza kwa njia ya maziwa, na parasetamoli kwa kiwango kilichotajwa hapo juu ni salama kwa mtoto.

Shida ni mkao. Kukaa na kumshika kichwa kwa kiganja kutakushinda. Lala ubavu, mtoto alale ubavu akikuelekea, tumbo kwa tumbo, pua yake ikiwa usawa wa chuchu. Weka kanga iliyokunjwa nyuma ya mgongo wake isimwache aviringike, na nyingine kati ya magoti yako. Kubadilisha titi bila kugeuka upande wa pili, inua mtoto kidogo kwa kuweka kanga nene chini yake, kisha egemea mbele. Akishiba, mtu amwondoe au umsogeze upande wa ukutani uliozibwa vizuri, usije ukalala usingizi mzito wa homa juu yake.

Maziwa yakipungua siku mbili tatu, kwa kawaida ni upungufu wa maji mwilini. Lenga lita 2 hadi 3 kwa siku: maji, uji mwepesi, madafu, supu ya samaki. Ukiwa unatapika au kuharisha, pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji safi, unywe kidogo kidogo, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Angalia mkojo: ukiwa na rangi ya chai, bado hujanywa vya kutosha.

Nitambebaje mtoto ikiwa mikono haina nguvu?

Kwa siku 3 hadi 5 za mwanzo, panga kutomnyanyua kabisa. Mengi yanayomwangusha mtoto hutokea pale mzazi anapojikaza "mara hii tu". Kifundo cha mkono chenye chikungunya hukataa bila taarifa. Kinabeba, halafu katikati ya safari kinaachia.

Maisha yote yashuke sakafuni. Tandika mkeka, na juu yake godoro au magodoro mawili yaliyounganishwa, na hapo ndipo pa kula, kunyonya, kubadilishwa na kulala. Mtoto asiyekuwa juu ya kitanda hana pa kuanguka.

Ikibidi kumnyanyua, piga magoti, mlete kifuani kwanza, kisha mpitishie mikono yote miwili chini yake ili uzito ukae kwenye mikono juu ya vifundo na kwenye viwiko, vidole visifanye kazi. Usimshike kwapani na kumvuta juu. Hapo uzito wote unaishia kwenye vidole gumba na vifundo, mahali panapouma kuliko pengine. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu na kuendelea anaweza kupanda kigoda, halafu kochi, halafu mapaja yako. Mfundishe siku ya kwanza, atafurahi.

Mbeleko inafaa tangu uweze kusimama vizuri, kwa sababu mgongo hubeba na mikono hupumzika. Tatizo lake ni fundo. Kukaza fundo la kanga ni kazi ya vidole, na fundo la mtu mgonjwa hulegea. Afunge mtu mwingine, na afungue yeye. Kama hayupo, usimbebe mgongoni.

Kuogesha: mara moja kwa siku inatosha, na siku ya homa kali kumpangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ni sawa tu. Beseni liwe sakafuni na maji yasipite vidole vinne. Nepi za kitambaa zinazofungwa kwa pini ziwekwe kando wiki hii; suruali yenye lastiki, au pampasi kama pesa ipo, hazihitaji ncha za vidole. Dumu la lita 20 lisikusumbue kabisa. Mwambie anayekuletea maji ayamimine kwenye vyombo vya lita 1 au 2 unavyoweza kushika kwa mikono miwili, na kila chombo kiwe na kifuniko.

Nashinda peke yangu na mtoto wa miaka miwili. Nikisinzia je?

Utasinzia. Kwa hiyo panga kama mtu atakayesinzia.

Chagua chumba kimoja na mlango ufungwe kwa ndani, juu, mahali mtoto hafiki. Toa humo kila kinachoweza kumdhuru: jiko la mkaa (hata lililozimwa usiku), mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda, kisu, ndoo yenye maji. Mtoto mdogo anazama kwenye ndoo iliyojaa nusu, kwa kuwa kichwa chake kizito kikitangulia hawezi kujiinua. Dawa zako zikae juu, usiweke chini ya mto. Parasetamoli nyingi kwa mtoto ni sumu hata asipoonekana mgonjwa siku ya kwanza. Kisima au shimo la kuvunia maji ya mvua uani liwe na mfuniko mzito, siyo bati lililolazwa tu.

Kisha omba msaada kwa maneno yenye saa ndani yake. "Mnisaidie jamani" haimwambii mtu afanye nini, na kila mmoja atadhani mwenzake amefika. Sema: "Mama Zuhura, naomba umchukue Salumu kuanzia saa mbili mpaka saa sita, leo na kesho na kesho kutwa. Uji wake nitampa mwenyewe." Mwingine mwombe ndoo mbili za maji jioni. Mwingine apike mboga mara moja kwa siku. Kazi tatu ndogo kwa watu watatu hupatikana kirahisi kuliko kazi moja kubwa kwa mtu mmoja. Kipindi cha kuokota korosho, Oktoba hadi Desemba, mitaa mingi hubaki na wazee na watoto mchana. Wakati huo panga na anayerudi mapema, au mwambie mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii apitie.

Hapatikani mtu kabisa? Piga simu kila baada ya saa 3 kwa ndugu mmoja aliyekubali. Asipokusikia, yeye ndiye atakayemtuma jirani agonge mlango.

Mtoto wangu wa miaka minne analia ninapokataa kumbeba. Nimwambie nini?

Ukweli mfupi: "Mikono ya mama inauma. Sijakukasirikia. Njoo ulale hapa." Watoto wa umri huo hudhani wao ndio wameleta ugonjwa, na wasipoambiwa hujijibu wenyewe. Mpe kazi ya kweli: kukuletea kikombe, kukupepea, kukuambia jua limefika wapi ukutani. Usimpe kazi ya kumlinda mdogo wake. Anaweza kumwimbia, hawezi kumlinda.

Ndugu wanasema tuwapeleke watoto kijijini kwa bibi. Ni vizuri?

Kwa aliyeacha ziwa, na bibi mwenye nguvu, ni msaada mkubwa. Kwa anayenyonya, hapana. Utapata matiti yaliyojaa na kuuma juu ya viungo vinavyouma, na yeye atapoteza chakula chake.

Kuna jambo husahaulika. Mtoto huyo aliishi na mbu wale wale, na huenda tayari ana virusi ambavyo bado havijajionyesha. Akiugua siku ya tano akiwa Nanyamba au Mtama, bibi hatajua pa kuanzia. Mpeleke na kadi yake ya kliniki, chupa ya parasetamoli ya maji, uzito wake ulioandikwa kwenye karatasi, chandarua chake, na jina la zahanati ya karibu na huko. Bibi aambiwe wazi: homa ikija, apimwe malaria siku ile ile.

Nitawaambukiza watoto nikiwagusa au wakila nami sahani moja?

Hapana. Si mate, si jasho, si nguo. Anayehamisha virusi ni mbu aina ya Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na hutoka mchana, hasa asubuhi baada ya kupambazuka na alasiri kuelekea jua kuzama.

Wiki ya kwanza ya homa damu yako ina virusi vingi. Mbu akikuuma wewe leo, baada ya siku kadhaa anaweza kumwambukiza mtoto wako au wa jirani. Kwa hiyo mgonjwa alale ndani ya chandarua mchana pia. Wengi hukunja chandarua saa 12 asubuhi, na ndiyo saa mbu huyu anaanza kazi. Watoto wavae mikono mirefu na suruali nyepesi saa hizo. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET husaidia, ila asipakwe mtoto wa chini ya miezi 2, wala isipakwe viganjani kwa mtoto anayejilamba vidole.

Sasa mtoto naye ana homa. Nimpe kiasi gani?

Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa hapewi dawa nyumbani. Anapelekwa kituoni sasa hivi. Wa umri mkubwa zaidi apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama nyumba nzima mnaamini ni chikungunya.

Kwa parasetamoli ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 (soma chupa, kwani ziko nzito zaidi), dozi inafuata uzito. Kilo 8 hadi 11, mililita 5. Kilo 12 hadi 15, mililita 7.5. Kilo 16 hadi 20, mililita 10. Kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Chini ya kilo 8, upate kipimo kutoka kwa mhudumu. Tumia kijiko cha dawa au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Aspirini asipewe mtoto kamwe.

Mvue nguo nzito, mpe ziwa au maji mara kwa mara. Usimfunike blanketi "ajasho", na usimtie maji ya baridi kali. Watoto wachanga na wa chini ya mwaka mmoja huugua vibaya kuliko wakubwa: wengine hupata malengelenge kwenye ngozi, na kwa kuwa hawawezi kusema wapi panauma, utaona tu wanalia wakiguswa miguu au wanaacha kusimama. Asiyenyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au anayepumua haraka, hospitali.

Akipata degedege?

Mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu, tazama saa. Usiweke kijiko wala kidole mdomoni, usimwagie maji, usimpe kitu cha kunywa. Ikishaisha, au ikifika dakika 5 bila kuisha, njia ni moja: kituo cha afya. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo hivyo.

Nina mimba ya miezi tisa na nimepata homa hii. Kuna hatari?

Miezi ya mwanzo hatari kwa mtoto tumboni ni ndogo. Hatari kubwa ni kuugua siku chache kabla ya kujifungua au siku yenyewe, kwa kuwa virusi vinaweza kumpata mtoto wakati wa uzazi, naye huanza kuumwa siku 3 hadi 7 baada ya kuzaliwa: homa, kukataa ziwa, kulegea. Jifungulie hospitali, siyo nyumbani, na umwambie mkunga kuwa una homa ya viungo ili mtoto aangaliwe wiki nzima. Usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na kichanga ni namba 115, bure.

Nyumba nzima tumelala ndani ya wiki moja. Watu wanasema tumetupiwa kitu.

Ndivyo chikungunya inavyoonekana kwa nje: mmoja leo, watatu Ijumaa, jirani wiki inayofuata. Mbu Aedes haruki mbali, mara nyingi haondoki eneo la nyumba chache, na humuuma huyu kidogo na yule kidogo kabla hajashiba. Anayekwenda kwa mganga aende baada ya kutoka zahanati, na asikubali mtoto achanjwe chale au anyweshwe dawa za mizizi akiwa na homa. Wazazi wote wawili mkiwa chini, gawaneni usiku: mmoja mpaka saa 7 usiku, mwingine mpaka asubuhi. Kuamka wote wawili kila mtoto anapolia kunawachosha bure.

Maji ni ya shida, tunayahifadhi kwenye mapipa. Tutayamwagaje?

Hamtayamwaga. Juu ya uwanda wa Makonde maji ya kijito ni haba, na kumwambia mtu wa Tandahimba amwage pipa ni kumtania. Kinachotakiwa ni mfuniko na kusugua.

Jike la Aedes hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huvumilia ukavu miezi kadhaa, kisha huanguliwa maji yakipanda. Ndiyo maana kumwaga na kujaza upya hakusaidii kama kuta hazikusuguliwa. Toka yai mpaka mbu ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo mzunguko wa wiki moja unatosha. Chagua siku, tuseme Jumamosi. Chombo kikifika chini, hamishia maji yaliyobaki kwenye ndoo kupitia kitambaa, sugua kuta kwa brashi au makumbi ya nazi na mchanga, suuza, rudisha. Funika kwa kitambaa chenye matundu madogo kilichofungwa kwa kamba ya mpira. Bati lililoegeshwa huacha upenyo.

Halafu zunguka nyumba. Vifuu vya nazi vilivyotupwa uani ni vya kwanza pwani yote ya Lindi, Mikindani na Kilwa. Vigeuzwe kifudifudi au vichomwe. Matairi, makopo ya rangi, sahani ya maji ya kuku, mtungi uliopasuka. Hii ni kazi ya watoto wa shule, siyo ya mgonjwa.

Homa imeisha, lakini asubuhi vidole havikunji. Lini nirudi shambani?

Homa kwa kawaida haizidi siku 7 hadi 10. Viungo ni hesabu nyingine: wengi hupona ndani ya wiki chache, wengine huenda miezi, na wachache hupita mwaka. Maumivu yakirudi baada ya kupoa, huo ni ule ule, hujaambukizwa upya.

Kila asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, kunja na kukunjua vidole mara 10, zungusha vifundo, nyoosha magoti. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi dakika 10 hadi 15 kinasaidia kiungo kilichovimba. Usikae bila kusogea siku nzima, kiungo kitakakamaa. Wala usirudi kwa jembe siku ya kwanza uliyoamka vizuri. Anza na nusu saa ya kazi nyepesi, uone kesho yake unaamkaje. Kubangua korosho, kutwanga na kukamua nguo viwe vya mwisho, kwa kuwa vinakaba vifundo vile vile. Dengi ikishaondolewa kwenye hesabu, mhudumu anaweza kukuandikia ibuprofeni ya kumeza na chakula, kwa siku alizotaja, na kama una vidonda vya tumbo, figo au mimba umwambie kwanza.

Maumivu yakipita miezi 3, omba rufaa: Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, au Ndanda na Nyangao kama ndizo za karibu. Na mzazi anayekaa wiki nzima bila hamu ya kula wala kumwangalia mtoto, analia bila sababu au anasema hafai, hilo nalo lisemwe kwa mhudumu. Maumivu ya muda mrefu huleta sonona, na ina matibabu.

Nitaugua tena? Kuna chanjo?

Ukishaugua mara moja, kinga hudumu miaka mingi, huenda maisha yote. Chanjo zimeidhinishwa katika baadhi ya nchi, lakini hazimo kwenye ratiba ya chanjo za watoto Tanzania. Anayekuuzia ya mtaani anakuuzia kitu kingine.